Mwezi Mmoja wa Ujerumani Usivunje Posa



Dukani kwetu hapa Majengo, Dodoma, kuna nguo moja ya nikaha inayotunyima raha. Lesi imeshakatwa, mikono imeshaungwa, imebaki pindo na vifungo. Mwenye nguo ni binti wa chuo hapa mjini. Tulipomchukua vipimo alikuwa na furaha mbili kwa pamoja: amechumbiwa, na amepata ufadhili wa kwenda Ujerumani wiki nne kusoma Kijerumani katika kozi ya majira ya joto. Shida ni kwamba kozi imeangukia mwezi uleule wa harusi. Upande wa mume ukatoa neno: achague moja, safari au ndoa.

Mama yake akaja dukani, macho mekundu. Akasema, "Wanangu, nyinyi mmewaona maharusi wengi. Mnanishauri nini?"

Tukamjibu upesi, "Mama, mume hapatikani kila siku. Masomo yapo tu."

Leo tunaandika kusema kwamba tulikosea. Na tukiri mbele ya Mungu, ushauri ule haukutoka kwenye dini wala kwenye hekima. Ulitoka kwenye daftari la oda. Harusi ikiahirishwa, na malipo yetu yanaahirishwa. Sisi mafundi, wapambaji na wapishi tunakula kwa harusi, kwa hiyo tukiwaharakisha muwe mnatuuliza kwanza tunatetea nini.

Tuanze na kozi yenyewe, maana wengi wanaiogopa bila kuijua. Vyuo vikuu vingi vya Ujerumani hufungua kozi za lugha kwa wanachuo wa nje kati ya Juni na Septemba. Kwa kawaida ni wiki tatu au nne: darasa la lugha, na safari za kuona miji na historia yao. Shirika lao la DAAD, lililoanzishwa 1925, hutoa ufadhili kwa baadhi ya wanachuo. Hapa kwetu Goethe-Institut ya Dar es Salaam hufundisha na kutahini Kijerumani kuanzia kiwango cha A1. Binti haendi kuhamia. Anaenda kusoma, na tarehe ya kurudi ipo kwenye tiketi.

Halafu lugha yenyewe si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Dada zetu wa visiwani mnasema skuli, sisi wa bara tunasema shule, na hiyo shule ni Schule ya Wajerumani. Hela tunazohesabu kila jioni zimetokana na Heller, sarafu yao ya zama za ukoloni. Reli ya Kati inayopita hapa Dodoma wao ndio walioijenga. Mengi ya historia yetu ya miaka ile yameandikwa kwa Kijerumani, na asiyejua lugha husubiri asomewe na mwingine.

Sasa tuje kwenye dini. Watu hupenda kutaja ile hadithi ya kutafuta elimu hata Uchina. Wanazuoni wa hadithi wamesema ni dhaifu, na wala hatuihitaji. Tunaye Zaid bin Thabit (r.a.), kijana wa Madina. Mtume (s.a.w.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa sababu hakuwa na imani nao katika barua zake. Imepokewa kwamba Zaid aliyaweza kwa muda wa nusu mwezi. Yaani mtu alijifunza lugha ya wengine, kwa muda mfupi, ili barua za Waislamu zisipite mikononi mwa mtu asiyeaminika. Kwetu sisi hiyo inatosha.

Na barua hizo siku hizi ni zipi? Maharusi mnaoolewa na vijana walioko Ujerumani mnazijua. Tangu 2007 sheria yao inamtaka mke anayemfuata mumewe awe na Kijerumani cha msingi, kiwango cha A1, isipokuwa waliosamehewa. Lakini A1 ni ya kuvukia mlango tu. Ukifika kuna daktari wa uzazi, kuna mkataba wa nyumba, kuna barua za shule ya mtoto. Usipojua lugha, mumeo ndiye mdomo wako na masikio yako. Akiwa mwema, alhamdulillahi. Akiwa si mwema, au akitangulia mbele ya haki, je?

Visiwani mnayo historia ya Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844. Hatumtaji ili aigwe, maana aliacha dini, na hilo kwetu ni msiba. Tunamtaja kwa lililompata. Alifika Hamburg 1867 na mumewe Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo sheria ilimwekea mjane wasimamizi wa kumwamulia. Lugha ya nchi ile alijifunza akiwa tayari yumo ndani ya shida. Baadaye alikiweza Kijerumani hata akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Binti yetu anapata nafasi ya kujifunza akiwa salama, na wazazi wake wakiwa hai.

Lipo suala la mahram, na hatutalipita kimyakimya. Kuna hadithi sahihi zinazomkataza mwanamke kusafiri bila maharimu. Kuna masheikh wanaozichukua kama zilivyo. Wapo wengine wa zama hizi wanaoruhusu safari ya haja ikiwa njia ina amani na kuna wenzake wa kuaminika. Sisi ni mafundi cherehani, hatutoi fatwa. Tunachosema ni kwamba swali hili aulizwe sheikh, na jibu lifuatwe. Lisitumiwe kama fimbo na watu ambao mwezi uliopita walimpandisha binti huyuhuyu basi la usiku peke yake bila kuuliza maharimu wake yuko wapi.

Kwa binti mwenyewe tuna maneno ya dada kwa mdogo wake. Julai, Berlin jua huzama baada ya saa tatu usiku, na Isha huingia karibu na saa sita. Alfajiri nayo haichelewi. Jipange kwa sala kabla hujapanga nguo za kubeba. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi hahesabiwi tena msafiri, kwa hiyo usidhani utapunguza sala mwezi mzima. Katika maneno ya mwanzo kujifunza liwemo Schweinefleisch, nyama ya nguruwe, ulitambue kwenye pakiti. Viza ya muda mfupi inataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000; uliza kama ufadhili wako unailipia. Tafuta msikiti wa mji unaokwenda kabla hujaondoka, maana Ujerumani kuna Waislamu zaidi ya milioni 5 na huwezi kukosa ndugu. Mtandio wako usiuone mzigo.

Kwa upande wa mume, tunasema kwa heshima: wiki nne ni muda mfupi kuliko muda mliotumia kujadili mahari. Kama mnahofia binti atabadilika, hofu hiyo izungumzwe baina ya wazee. Na kwa wazazi wa binti: kama mnataka aendelee na masomo baada ya ndoa, semeni sasa, liwekwe sharti kabla ya nikaha. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba masharti yanayostahiki zaidi kutimizwa ni yale ya ndoa. Ahadi ya mdomoni hupotea, na bibi harusi ndiye anayeilipa.

Fundi anayejua kazi huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, kwa sababu mwili wa mtu hubadilika. Posa isiyoweza kuongezwa hata mwezi mmoja, tunaiogopea ikikutana na maradhi, na uzazi, na ukata.

Wiki iliyopita tulikwenda nyumbani kwa mama yule, tukamwomba radhi na kumweleza tunavyofikiri sasa. Tulimwambia pia kwamba advansi yake iko palepale, na binti akirudi amenenepa au amekonda, marekebisho hatutayatoza. Mpaka tunaandika haya, jibu la upande wa mume halijaja. Nguo tumeifunika kwa shuka jeupe isiingie vumbi la Dodoma. Muombeeni dua.

Wabillahi tawfiq.