KULINDA MTAA SI KUHUKUMU

Wamo katika mitaa yetu watu wafanyao kazi wakati sisi tumelala. Hao ni walinzi wa kujitolea, ambao kwa firimbi, kurunzi na rungu huzunguka vichochoroni hadi alfajiri bila mshahara. Kadhalika viko vikundi vya vijana ambavyo siku ya mapumziko hufyeka vichaka kando ya njia za kwenda shule, huzibua mitaro, na huwasaidia askari kuwavusha watoto barabara. Twawapongeza wote hao.

Kazi hii si ngeni kwetu. Katikati ya miaka ya 1960 chama cha TANU kiliwaunganisha wanachama katika mashina ya nyumba kumi kumi, na mjumbe wa shina akawa mtu wa kwanza kupata habari ya mgeni aliyeingia au ugomvi uliozuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ulipozidi katika Usukuma na Unyamwezi, ilhali askari walikuwa wachache tena mbali, wakulima waliamka wenyewe. Walijiita Sungusungu, jina la mdudu mdogo mweusi aumaye. Yowe lilipopigwa katika kijiji kimoja, kijiji cha pili kilitoka na pinde na mishale, na mwizi akakosa pa kupitia. Mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo na kuwapa Sungusungu uwezo wa kukamata. Tangu mwaka 2006, Inspekta Jenerali Said Mwema aliposhika uongozi, Jeshi la Polisi nalo likaeneza mpango wa polisi jamii.

Lakini historia hiyo hiyo ina funzo chungu. Si kila aliyekamatwa alikuwa mwizi. Wako waliopigwa hadi kufa. Wako vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Wako waliotengwa na kijiji kizima, hata salamu wakanyimwa, bila kupewa nafasi ya kujitetea. Na leo hii, katika miji yetu, neno moja tu, "Mwizi!", laweza kumwua kijana ambaye kosa lake ni kukimbia mvua.

Kwa hiyo twasema wazi: kulinda si kuhukumu. Ibara ya 13 ya Katiba yakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa, na yakataza kumtesa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yamruhusu raia kumkamata mhalifu katika hali fulani, lakini yamtaka amkabidhi kwa askari pasipo kuchelewa. Sheria haikutaja viboko. Mlinzi ampigaye aliyekwisha kufungwa mikono amekuwa mhalifu wa pili usiku ule.

Neno letu la pili ni kwa Polisi. Raia hukata tamaa wamkamatapo mtu usiku, kisha wakamwona asubuhi akinywa chai kibandani. Pengine amepewa dhamana, na dhamana ni haki yake. Pengine ametoa rushwa, na hiyo ni aibu ya kituo. Raia watajuaje tofauti yake ikiwa hakuna anayewaeleza? Yafaa askari wahudhurie mikutano ya mitaa na kueleza kesi zimefikia wapi. Haifai kabisa kumtuma mwenye rungu amkabili mwenye bunduki, wala kumwacha aliyejeruhiwa lindoni ajitafutie fedha za matibabu.

Neno la tatu latuhusu sisi wafanyakazi. Wengi wetu hutoa mchango wa ulinzi, tukadhani tumemaliza. Mchango ni mwema, mradi uwe na stakabadhi na hesabu zake zisomwe mbele ya mkutano wa mtaa. Asiye na fedha asivunjiwe mlango usiku kwa ajili yake, apangiwe zamu. Nasi wenye mishahara tusiwaachie zamu wasio na kazi peke yao, kisha tukawadharau mchana kwa kuwaita wahuni. Mlinzi asiyeheshimiwa wala kujulikana na watu anaowalinda huanza kuwatisha.

Viongozi wa mitaa wana kazi ya kufanya mara moja: kuorodhesha walinzi wote kwa majina, kuwafundisha mipaka ya sheria kwa msaada wa kituo cha polisi, na kumwondoa mara moja apigaye watu au adaiye fedha njiani. Ibara ya 146 ya Katiba imezikabidhi serikali za mitaa ulinzi wa wananchi, na mtuhumiwa naye ni mwananchi.

Tuingie zamu, ndugu wafanyakazi. Tumkamate mwizi, tumfikishe kituoni akiwa mzima, na mahakama ifanye kazi yake.