Kuku wa Kichina si wa Hotelini

Kuna imani iliyoota mizizi pwani yetu ya Cabo Delgado, kutoka Mocímboa da Praia hadi Pemba, na Quiterajo haikusalimika: kwamba kuku wa mboga wa Kichina ni chakula cha hoteli. Eti lazima uwe na jiko la gesi, chombo maalumu kutoka ng'ambo, chupa za sosi na mfuko mnene. Mwenye jiko la makaa ale shima na samaki, basi. Imani hii ni ya uongo, tena inawanyima chakula hiki wale hasa kinaowafaa.

Kwa chakula hiki mpishi wa Kichina hukata kila kitu vipande vyembamba ili kiive kwa dakika chache, kuni zisiteketee. Hiyo ni busara ya mtu wa hali ya chini. Na ni nani anayeihitaji kuliko mama wa Quiterajo? Vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewatimua watu makwao, Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga wilaya yetu ya Macomia, na waliorudi wameanza jiko upya. Kuku mmoja kwao ni mali. Kidari chake, kikikatwa vizuri, kinaenea sufuria nzima ya kabichi, karoti na vitunguu, na mapaja na mifupa inabaki ya mchuzi.

Watasema kuku wa kienyeji ni mgumu. Ni mgumu ukimkata vibaya. Kata kidari kwa kukatiza nyuzi za nyama, vipande viwe vyembamba kabisa, uvipake chumvi na kijiko cha wanga, uviache robo saa. Wanga wa dukani huna? Kuna muhogo, chakula chetu cha kila siku. Ukune, ukamue kwenye maji, usubiri utuame, umwage maji: ule weupe uliobaki chini ndio wanga wenyewe. Unaishika nyama isikauke, na unaufanya mchuzi uwe mzito na wa kung'aa.

Chombo maalumu nacho ni kisingizio. Karai la kukaangia maandazi linatosha, nalo lisipokuwepo, sufuria pana. Makaa yakolee kwanza. Kaanga nyama, itoe. Tia kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu. Kisha karoti, kisha kabichi au majani. Rudisha nyama na maji kidogo yenye wanga. Mboga iepuliwe ingali na ugumu kidogo wa kutafunika. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu, kwa mazoea ya kuchemsha majani mpaka yapoteze rangi. Sosi ya soya ikipatikana ni vyema. Isipopatikana, chumvi na ndimu zinatosha.

Wanaokwepa kwa ajili ya dini nawaheshimu, maana mapishi mengi ya Kichina yana mvinyo wa mchele au mafuta ya nguruwe. Lakini China ina mamilioni ya Waislamu, Wahui wakiwemo, wanaopika vyakula hivyo vikiwa halali. Hata Zheng He, baharia wa China ambaye merikebu zake zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15, alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu huko Yunnan. Acha mvinyo, acha nguruwe; chakula hakipungui kitu.

Na wanaosema si chakula cha kwetu wamsome msafiri Ibn Battuta. Mwaka 1331 alipofika Mogadishu alikaribishwa wali wa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni tangawizi mbichi, ndimu za achari na maembe. Kuku mwenyewe asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Pilipili na muhogo vilivuka bahari kutoka Amerika, na pilipili hiyohiyo ikafika China. Pwani hii haijawahi kupika kwa kujifungia mlango.

Basi, mama na dada zangu, na kaka mnaojua kushika mwiko: kuku ajaye akichinjwa nyumbani, tengeni kidari, mkipike hivi siku hiyohiyo, na watoto wale washibe.