Moyo Mpya, Maradhi ya Kale

Kila nisikiapo watu wakiusifu upandikizaji wa moyo, natamani wamkumbuke Louis Washkansky. Ndiye wa kwanza duniani kupandikizwa moyo wa mtu mwingine, kule Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, kwa mikono ya Daktari Christiaan Barnard. Aliishi siku 18, akafa kwa nimonia. Lisilosemwa sana ni kwamba Washkansky alikuwa na kisukari.

Nalitaja kwa sababu kisukari hakitolewi pamoja na moyo mbovu. Tena asiyekuwa nacho aweza kukipata baadaye. Dawa anazotumia mgonjwa ili mwili usiukatae moyo mgeni huzidisha sukari katika damu: steroidi huufanya mwili usiitii insulini, nayo takrolimasi huidhoofisha kongosho iitengenezayo. Sukari ikizidi, mishipa hudhurika. Na moyo uliopandikizwa una adui wake tayari, kwani kuta za ndani za mishipa yake huweza kunenepa polepole hadi njia ya damu ikawa finyu. Ajabu ni kuwa mgonjwa huenda asihisi maumivu yoyote kifuani, maana neva za moyo zilikatwa siku ya upasuaji.

Walimu wa biolojia, msiikomeshe hadithi hii mlangoni pa chumba cha upasuaji. Mwanafunzi na aulizwe: moyo umebadilishwa, je, damu ipitayo humo? Ama walimu wenzangu wanaomsimulia Barnard huku wakikoroga vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja, hao sijui niwaambieje. Kipimo ni tone moja la damu kidoleni. Mimi nimekwisha kutoa langu.