Binti Akishika Bango

Mwezi huu tuzungumze juu ya mabango. Binti akisema anataka kusimama barabarani na bango, kuwadai viongozi wachukue hatua juu ya mabadiliko ya tabianchi, wengi wetu humjibu upesi, "Hiyo si adabu." Kabla ya kusema hivyo, tumtazame binti wa jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa.

Januari 2019, Vanessa Nakate wa Kampala, Uganda, alikuwa na miaka 22. Aliwachukua wadogo zake na binamu zake, wakasimama kwenye njia panda za mji wakiwa na mabango waliyoyaandika kwa mikono. Hakutukana mtu wala hakurusha jiwe. Baadaye alisimama peke yake nje ya lango la Bunge. Januari 2020, huko Davos, Uswisi, alipigwa picha pamoja na wasichana wanne wa Ulaya. Shirika la habari la Associated Press likaitoa picha hiyo likiwa limemkata yeye, Mwafrika pekee. Aliuliza sababu hadharani, na shirika likaomba radhi.

Sisi wa Mwanza yanatuhusu nini? Ziwa letu ni moja. Mei 2020, baada ya mvua nyingi zilizoanza mwaka uliotangulia, Ziwa Victoria lilipanda hata kupita kina cha mwaka 1964. Dunia ikizidi joto, hewa hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa huzidi. Sisi wauguzi tunajua kinachofuata. Choo cha shimo kikifurika, uchafu huingia kisimani na ziwani, kisha kipindupindu hubisha hodi. Watoto wadogo ndio wanaoishiwa maji mwilini upesi.

Basi tuchemshe maji ya kunywa na tuwanawishe watoto mikono kwa sabuni. Lakini sufuria ya mama haichimbi mtaro wa mtaa mzima, wala haipunguzi moshi wa viwanda vya nchi tajiri. Hayo ni ya wenye mamlaka. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, ila anayeishi mbali na mwalo hana budi kuonyeshwa.

Mama, binti akikuletea jambo hili, mwulize: Utaandika nini? Je, ni kweli? Unataka nani alisome? Mweleze pia kwamba maandamano yana sheria zake, na polisi hupewa taarifa mapema. Lakini mkutano wa mtaa uko wazi kwa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Nendeni pamoja, mkiwa na picha ya choo kilichofurika au mtaro ulioziba. Ulizeni kwa upole kazi itaanza lini, na ombeni jibu liandikwe kwenye muhtasari. Mkutano ujao, rudini na picha ile ile.

Adabu ya mtoto haipimwi kwa kunyamaza peke yake. Hupimwa pia kwa namna anavyosema kweli mbele ya wakubwa, na hilo hujifunza kwa mama yake.