Maji ndani ya kompyuta, mtoto ndani ya nyumba

Mama mmoja wa Mbagala amenitumia ujumbe mrefu. Kijana wake yuko mwaka wa pili chuoni, na jioni hujipatia fedha kwa kuhariri video za harusi kwenye kompyuta ya mezani aliyoiunga mwenyewe. Sasa anataka kung'oa feni inayopoza prosesa na kuweka mfumo wa maji: pampu, mipira, rejeta, na tangi la plastiki angavu lenye taa. Mama anauliza mambo mawili. Umeme na maji vitakaaje ndani ya kasha moja? Na hicho kimiminika cha kijani alichokiona kwenye picha, mjukuu wake wa miaka mitatu akikinywa itakuwaje?

Shikamoo mama, na asante kwa kuuliza kabla hela haijatoka. Swali lako la pili ndilo kubwa kuliko anavyodhani kijana, lakini nitaanza na mpango wenyewe, kwa sababu ukielewa kinachofanyika humo ndani utajua wapi pa kukaza na wapi pa kulegeza.

Mfumo huu ni ndugu wa ule wa gari. Kipande cha shaba kiitwacho bloku hukaa juu ya prosesa, na kingine juu ya kadi ya picha. Maji hupita humo, hubeba joto, huenda kwenye rejeta yenye feni, hupoa, kisha pampu huyarudisha tena. Maji ni mbebaji mzuri mno wa joto. Chukua kadi ya RTX 3080 iliyopangiwa wati 320 na prosesa ya Ryzen 7 7800X3D yenye wati 120. Jumla ni wati 440. Pampu ikisukuma lita moja tu kwa dakika, maji yakizunguka kote huko yatapanda nyuzi sita hivi. Ndiyo maana vijana wanaobishana kipi kitangulie, bloku ya kadi au ya prosesa, wanapoteza muda. Mpangilio mmoja tu ndio wa lazima: tangi likae kabla ya pampu na juu yake, ili pampu isizunguke kavu hata sekunde chache. Pampu kavu huungua.

Kwa rejeta, kipimo cha mkono wanachotumia mafundi ni nafasi ya feni moja ya milimita 120 kwa kila kifaa kinachopozwa, na moja ya ziada. Kwa vifaa viwili hiyo ni rejeta ya milimita 360. Kwa Dar es Salaam mimi ningeongeza ya pili ya 240, maana rejeta haiwezi kushusha maji chini ya joto la chumba. Chumba kikiwa nyuzi 32 mwezi Februari, maji yatacheza kwenye 40 na kitu hata mambo yakienda vizuri, na pampu nyingi zimeandikiwa kikomo cha nyuzi 60. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kijana si kununua. Achukue futi ya kupimia, apime ndani ya kasha, achore kwenye karatasi rejeta itakaa wapi na unene wake pamoja na feni, mipira itapita wapi, na tundu la kumwagia maji litakuwa sehemu gani ya chini kabisa. Wengi hulisahau hilo tundu, kisha siku ya kusafisha wanalazimika kuinamisha kasha zima juu ya beseni.

Rejeta na bloku zote ziwe za shaba au zilizopakwa nikeli. Rejeta ya aluminiamu ikikutana na bloku ya shaba kwenye maji yale yale, aluminiamu huliwa taratibu hadi itoboke. Na kwa mara ya kwanza atumie mipira laini, si yale mabomba magumu yanayokunjwa kwa moto. Najua mabomba magumu yanapendeza kwenye picha. Lakini mpira laini unakatwa kwa kisu kikali, na ukikosea unakata mwingine.

Hapa nimkumbushe kijana jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Mfumo wa maji hauondoi joto, unalihamisha tu. Zile wati 440 zilikuwa kwenye kadi na prosesa, sasa zinapulizwa chumbani. Mwili wa mtu mzima aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo kompyuta hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote ni kama umewaingiza wageni wanne chumbani na kufunga mlango. Ikiwa kompyuta iko sebuleni anapolala mjukuu, madirisha yawe wazi na kazi nzito zimalizike kabla ya saa za kulala. Faida ya kweli ambayo familia itaiona ni kelele kupungua, kwa sababu feni za rejeta kubwa huweza kuzunguka polepole. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 1999 lilishauri kelele ya mfululizo chumbani usiku isizidi desibeli 30, na feni ndogo inayolia kwa nguvu huivuka hiyo kwa urahisi. Lakini nafuu hiyo unaweza kuipata pia kwa kununua kipozeo kizuri cha feni kubwa, kwa sehemu ndogo tu ya gharama. Kama nia ni kumaliza video za harusi mapema, kwa maoni yangu fedha hizo zinunue memori na diski ya akiba kwanza. Kama nia ni kujifunza ufundi na kuufurahia, hilo nalo ni jambo halali, ila aliite kwa jina lake.

Sasa chupa ya kijani.

Vimiminika vya kupozea huwa vya aina nyingi. Vipo vyenye ethilini glikoli, ile ile iliyomo kwenye kulanti ya magari. Vipo vyenye propilini glikoli, ambayo sumu yake ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali sana. Na yapo maji yaliyotoneshwa yenye dawa kidogo ya kuzuia ukungu na kutu. Ethilini glikoli ina ladha tamu na haina harufu ya kumfukuza mtoto. Ikiingia mwilini, ini huibadilisha kuwa asidi. Asidi hizo huchafua damu, na ya mwisho wao huungana na kalisi kuwa vijiwe vidogo vinavyoziba na kuharibu figo. Vijiko vichache vya chakula vya kimiminika kilichokolea vinatosha kumuua mtoto mdogo. Kundi hili la kemikali ndilo lililokutwa kwenye dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia mwaka 2022. Wale walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi.

Kinachowadanganya wazazi ni saa za mwanzo. Mtoto huonekana kama amelewa: anayumba, anasinzia, anatapika, anaongea ovyo. Baadaye anaweza kuonekana ametulia, na mtu akasema alichoka tu na kucheza. Kisha anaanza kuhema kwa kasi, moyo unakwenda mbio, na katika siku moja hadi tatu mkojo unapungua au unakata kabisa. Ukisubiri hadi hapo umechelewa. Akionekana tu na chupa mdomoni, hata kama anacheka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo pamoja na chupa yenyewe ili daktari asome lebo. Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kupikia ukidhani yatafunika sumu, hayafuniki. Huenda umewahi kusikia kwamba pombe hutibu sumu hii. Ni kweli kwamba daktari anaweza kutumia alkoholi, au dawa maalumu, kukizuia kimeng'enya cha ini kisiitengeneze ile asidi. Ila hufanya hivyo akipima damu na sukari ya mgonjwa hatua kwa hatua, na mtoto akipewa pombe nyumbani anaweza kuzimia kwa sukari kushuka. Mgonjwa aliyezidiwa husafishwa damu kwa mashine, huduma ambayo hospitali kubwa kama Muhimbili inayo.

Kwa nyumba yenye mtoto, basi, uamuzi wangu ni mwepesi: hakuna ethilini glikoli. Baridi ya kugandisha maji hatuna Mbagala, kwa hiyo sababu kuu ya kuiweka kwenye magari ya Ulaya haipo sebuleni kwako. Kijana anunue maji yaliyotoneshwa na dawa ya kuzuia ukungu yenye lebo inayosomeka, achanganye kwa kipimo kilichoandikwa. Rangi si lazima. Nyingine huacha uchafu unaoziba njia nyembamba za bloku, na zote humvutia mtoto. Anapoagiza maji kwenye duka la vipuri asome lebo kabla ya kulipa, kwa kuwa asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo.

Nirudi kwenye umeme. Ndani ya kasha vifaa vingi hutumia volti 12 au pungufu, na uvujaji hapo utaua kadi ya bei mbaya kabla ya kumdhuru mtu. Maji yaliyotoneshwa hayapitishi umeme vizuri, lakini yakishazunguka kwenye shaba na nikeli huokota chembechembe na kuanza kupitisha, kwa hiyo asiyategemee. Hatari kwa mtu iko ndani ya pawa saplai na kwenye soketi ya ukutani, penye volti 230. Plagi itolewe ukutani kabla ya kugusa chochote, soketi iwe na ethi inayofanya kazi, na ekstensheni isilale sakafuni chini ya kasha. Siku ya kujaza maji mara ya kwanza, iwashwe pampu peke yake. Kipo kiunganishi kidogo cha kuwashia pawa saplai bila kuwasha ubao mama. Anunue hicho, asihangaike na vipande vya waya. Aweke tishu nyeupe chini ya kila kiungio, aache maji yazunguke saa 24, na tone moja likionekana kazi isimame. Rejeta mpya aisuuze kwanza kwa maji ya moto yaliyotoneshwa mara mbili tatu, maana ndani hubaki dawa ya kuchomelea.

Baada ya hapo maji hubadilishwa kila miezi sita hadi kumi na miwili. Yaliyotoka na yaliyobaki yakae kwenye chupa yake ya asili yenye kifuniko kigumu, juu ya kabati linalofungwa. Yasihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa usiku mmoja. Na kazi ya kumwaga na kujaza aipangie Jumamosi ambayo mjukuu yuko kwa shangazi yake, kwa sababu beseni lenye maji sakafuni na mtoto wa miaka mitatu, nadhani mama unajua wenyewe.