Wanawake wawili na moto moja: toka London mpaka Cape Town



Kila siku tunapanda moto: kwenda soko, kupeleka mtoto kwa daktari, hata kwenda kujifungua. Anayeendesha ni kijana mwanaume. Ikikufa njiani, anayeifungua ni mwanaume tena. Tumezoea hivyo mpaka tunafikiri Mungu ndiye aliyepanga. Basi tusikie habari ya wanawake wawili ambao zamani walipita hata hapa Kongo.

Tarehe 11 Desemba 1934, wakati wa baridi kali ya Ulaya, Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London kuelekea kusini, kwenye jua. Walipanda moto ya Panther yenye injini ya 600, mara nne na zaidi ya zile tunazozijua hapa kwetu. Pembeni ilikuwa na kiti chenye gurudumu lake, na nyuma ilivuta kigari cha mizigo. Walivuka jangwa la Sahara bila dira. Wakapita Nijeri, Nijeria, Kongo ya wakati wa Wabelgiji, Uganda, Kenya na Tanganyika, wakazidi kushuka. Tarehe 29 Julai 1935 walifika Cape Town. Ni miezi saba na nusu.

Je, ni nguvu za mwili zilizowafikisha? Hapana, mama. Jangwani, kabla ya mji wa Agadez, injini iliwafia. Mchanga kila upande, hakuna garaje, hakuna fundi wa kuita. Lakini Theresa alikuwa amesomea uinjinia. Alijua kila chuma kinafanya kazi gani. Mtu asiyejua angelia tu na kungojea mpita njia. Walifika Agadez, wakangoja mpaka moto ikapona, wakaendelea.

Ujuzi ule haukuishia safarini. Wakati wa vita kuu ya pili Theresa alitumika katika jeshi la Uingereza. Baadaye alihamia Marekani, akafungua duka la moto Chicago, kisha shule ya kufundisha watu kuendesha, huko Arizona. Alikula jasho lake mwenyewe mpaka uzeeni.

Sasa turudi kwetu. Binti akimaliza shule, au akikosa pesa ya kuimaliza, tunamtuma kwenye ushonaji. Ushonaji ni kazi nzuri. Lakini tuhesabu: mtaani kwetu kuna mafundi cherehani wangapi, na kuna moto ngapi? Kila moto inataka mafuta ya injini, buji, cheni, breki. Pesa hiyo inaingia mfuko wa nani?

Wengine watasema, «Binti mwenye mikono ya oili, nani atamuoa?» Mikono inanawika kwa sabuni. Njaa hainawiki. Na hatusemi binti aendeshe usiku kwenye barabara mbaya. Kufungua injini mchana, kwenye garaje ya fundi mwaminifu anayejulikana na wazazi, ni kazi kama nyingine.

Swali la kuzungumzia kikundini juma hili: kama binti mmoja wetu anataka kujifunza ufundi wa moto, je, likelemba yetu inaweza kumkopesha pesa za vyombo vya kwanza? Na nani kati yetu atamsindikiza kwa fundi siku ya kwanza, ili asiende peke yake?