Pasipoti Haiagizwi

Sisi wa Chake Chake tuna desturi njema ya kuagizana. Barua, dawa, hata kifurushi cha karafuu hupewa msafiri wa boti, naye akakifikisha Unguja kwa amana. Lakini pasipoti haiagizwi, wala haitumwi kwa posta ikarudi mpya. Fomu ya maombi hujazwa kwa intaneti, na kijana wa nyumbani aweza kumsaidia mzazi wake kuijaza. Ila alama za vidole hazina wakili. Mwenyewe hana budi kufika Uhamiaji.

Twalisema hili kwa ajili ya wazee wetu. Mzee huweka akiba msimu baada ya msimu wa karafuu kwa nia ya Hija, huku pasipoti imelala sandukuni. Saudi Arabia hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 mbele. Basi hati ya miaka 10, kwa mwenye kuhiji, ni ya miaka 9 na nusu. Pasipoti za kielektroniki zilizozinduliwa Januari 2018 zitaanza kufikia ukomo Januari 2028. Mwenye hizo za mwanzo asiache Julai 2027 impite.

Uwezo wa kuhiji si fedha na afya tu. Na njia nayo imo. Usiku huu, baada ya Isha, watoto na waifungue pasipoti ya baba na ya mama, waisome tarehe ya mwisho. Huo nao ni wema kwa wazazi.

Wabillahi tawfiq.